Nauli Ipitayo Mikononi mwa Wengi

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na Mwingereza mmoja akaaye katika visiwa vya Ufilipino. Yamefasiriwa kwa Kiswahili.



Nimeombwa niwaeleze habari za visiwa vya Ufilipino, ambako nimekaa miaka mingi, na hasa yale yanayowashughulisha watu wa huko siku hizi. Mimi si mwanasiasa wala si mwandishi wa magazeti. Nilikuwa mwalimu, sasa ni mzee aliyestaafu, mwenye mke wa Kifilipino, kuku wachache, na nafasi tele ya kutazama mambo ya watu wengine. Kazi hiyo ya kutazama haina mshahara, lakini pia haina mkaguzi.

Ufilipino ni nchi ya visiwa, upande wa kusini mashariki wa Asia. Zamani watoto wa shule walifundishwa ya kuwa visiwa hivyo ni 7,107. Mwaka 2016 wapima ramani wa Serikali walitangaza kwamba wamehesabu upya kwa vyombo vya kisasa, nao wameona ni 7,641. Sijapata kusikia habari ya nchi nyingine iliyopata visiwa zaidi ya 500 pasipo kupigana vita. Wenyeji wake ni zaidi ya watu milioni 110. Walitawaliwa na Wahispania miaka zaidi ya 300, kisha na Wamarekani, wakapata uhuru wao mwaka 1946. Sisi Waingereza nasi tuliutwaa mji wa Manila mwaka 1762, tukaondoka mwaka 1764. Watu wengi wa Manila hawana habari ya kuwa tulifika, nami sioni sababu ya kuwakumbusha.

Mji nikaao mimi ni Iloilo, katika kisiwa cha Panay. Mwaka 1856 alifika hapo Mwingereza mmoja, jina lake Nicholas Loney, balozi mdogo na mfanya biashara. Alisaidia sana kuanzisha biashara kubwa ya sukari, tena akaleta nguo za bei rahisi kutoka Manchester, hata wanawake wa Iloilo waliokuwa mabingwa wa kufuma nguo wakakosa wanunuzi. Leo gati la mji linaitwa kwa jina lake. Wale wafumaji hawakupewa gati.

Huenda mkapenda kujua mgeni huishije huko. Katiba yao ya mwaka 1987 haimruhusu mgeni kununua ardhi. Kwa hiyo nyumba yangu ni yangu kuanzia sakafu kwenda juu. Kuanzia sakafu kwenda chini ni mali ya mke wangu. Tena kila mwaka, katika siku 60 za kwanza, sina budi kwenda katika ofisi ya uhamiaji kuthibitisha kwamba ningali hai na ningali mgeni. Wako Waingereza wenzangu wanaolalamika sana juu ya mambo haya mawili. Mimi huwashauri wasome habari za Waingereza na ardhi za watu wengine, kisha wanyamaze.

HESHIMA YA NYUMBANI

Jambo la kwanza alionalo mgeni katika nchi ile ni nguvu ya udugu. Mtoto amwonapo mzee hushika mkono wake, akainama na kuugusisha kipaji chake cha uso, naye mzee humwombea baraka. Ninyi mnaosema shikamoo na kuitikiwa marahaba hamna haja ya kuelezwa zaidi. Katika lugha ya Kitagalogi, ambayo ni lugha ya Manila na nchi za jirani, liko neno dogo, «po», ambalo hutiwa katika maneno yote asemayo mdogo kwa mkubwa, au mtu kwa asiyemjua. Hata mtu anayegombana nawe aweza kulitia, na hapo ugomvi huwa mgumu kuuendeleza.

Mtaa au kijiji huitwa «barangay», nao wako zaidi ya 42,000 katika nchi nzima, kila mmoja na mkubwa wake aliyechaguliwa kwa kura. Jina lenyewe latokana na jina la jahazi. Wazee husema ya kuwa hapo kale watu walifika visiwani kwa majahazi, kila jahazi na jamaa zake, na waliposhuka pwani wale waliosafiri pamoja wakawa kijiji kimoja. Basi hata leo mtaa ni jahazi lililopandishwa nchi kavu, na watu huulizana kwanza: wewe ni wa jahazi gani?

Iko desturi nyingine ya kale iitwayo «bayanihan». Mtu aliyetaka kuhama hakuiacha nyumba yake. Majirani walikuja wakapitisha miti chini ya kibanda chake, wakakiinua mabegani mwao pamoja na paa na kuta, wakakibeba mpaka mahali papya. Mwenye nyumba aliwalisha chakula, basi. Ninyi wa Kenya mngesema harambee. Siku hizi nyumba nyingi ni za saruji na hazibebeki, lakini moyo ule haujafa. Nchi yao hupatwa na tufani nyingi; kwa kawaida yapata 20 kila mwaka huingia katika maji yao. Tarehe 8 Novemba 2013 tufani kubwa mno iitwayo Haiyan ilipiga mji wa Tacloban na nchi za kandokando, na watu zaidi ya 6,000 walikufa. Siku zile za kwanza, kabla misaada ya mbali haijafika, aliyemfukua mtu chini ya kifusi alikuwa jirani yake, na aliyempa mwenzake wali alikuwa mtu ambaye naye hakuwa na wali wa kesho.

Lakini kitu nilichopenda kuliko vyote ni nauli. Baada ya Vita Kuu vya Pili Wamarekani waliacha visiwani motokaa nyingi za jeshi za aina ya Jeep. Mafundi wa Kifilipino walizirefusha, wakatia mabenchi mawili yanayotazamana, wakazipaka rangi za kila namna, na hivyo zikazaliwa motokaa za abiria ziitwazo jipini, ambazo ni ndugu wa matatu zenu. Abiria huingia kwa mlango wa nyuma, naye dereva yuko mbele, na mara nyingi hana utingo. Basi nauli hulipwaje? Aliye mwisho kabisa humpa jirani yake fedha, naye humpa wa pili, na wa pili humpa wa tatu, hata imfikie dereva. Kisha chenji hurudi kwa njia ile ile, mkono kwa mkono, mpaka kwa mwenyewe. Watu wale hawajuani. Wengine ni maskini wasio na akiba ya siku mbili. Walakini katika miaka yangu yote sijaona chenji ikipotea njiani.

Nimewaza mara nyingi kwa sababu gani haipotei, nami naona sababu ni tatu. Kwanza, fedha ile yaonekana na macho ya wote. Pili, mwenyewe anajulikana: ni yule mama mwenye kikapu aliyeketi karibu na mlango. Tatu, safari ni fupi, na yeyote atakayeificha atatakiwa jawabu kabla hajashuka. Tafadhali yawekeni maneno haya matatu akilini, maana tutayahitaji tena.

FEDHA ZITOKAZO NG'AMBO

Wafilipino wengi sana hufanya kazi nje ya nchi yao. Mwaka 1974 Serikali ilitoa sheria ya kazi ambayo ndani yake iliweka utaratibu wa kuwapeleka watu ng'ambo, na wakati ule ilidhaniwa ni dawa ya muda tu. Dawa hiyo bado yanywewa. Mwaka 2013 hesabu ya Serikali ilionyesha kwamba Wafilipino wakaao nje walikuwa yapata milioni 10. Ni wauguzi katika hospitali za Uingereza, watumishi wa nyumbani katika nchi za Ghuba, mafundi, waalimu, na mabaharia. Yeyote aliyefanya kazi katika bandari kubwa ya dunia, Kilindini ikiwamo, amekwisha kuonana nao. Mwaka 2024 fedha walizopeleka nyumbani kwa njia ya mabenki zilipita dola za Marekani bilioni 34.

Fedha hizo si hesabu ya vitabuni tu. Ni paa la mabati, ni karo ya shule, ni dawa ya mama. Tena pamoja na fedha hupeleka sanduku kubwa la karatasi ngumu liitwalo sanduku la «balikbayan», maana yake arudiye nchini. Hulijaza kidogo kidogo kwa miezi mingi: sabuni, nyama ya kopo, viatu, taulo, chokoleti. Mwezi wa Agosti 2015 idara ya forodha ilitangaza ya kuwa masanduku hayo yatafunguliwa na kupekuliwa. Lo! Wafilipino wamestahimili matetemeko ya ardhi, volkano, na hotuba nyingi za wanasiasa, lakini mkono wa mtoza ushuru ndani ya sanduku la mama hawakuweza kuustahimili. Kelele zilikuwa kubwa hata Rais akaamuru masanduku yasifunguliwe ovyo, bali yapitishwe kwanza katika mashine yenye kuonyesha vilivyomo ndani. Sijaona katika nchi ile jambo jingine la Serikali lililorekebishwa upesi namna ile.

Walakini tusidhani ya kuwa kazi ya ng'ambo ni asali tupu. Mwanamke huondoka akimwacha mtoto anayenyonya, akirudi amkuta anaota ndevu. Wengine hupata mabwana wabaya. Mapema mwaka 2018 Serikali ya Ufilipino ilizuia watu wake wasiende Kuwait, baada ya maiti ya mtumishi mmoja wa Kifilipino kuonekana imefichwa ndani ya friza. Mwezi wa Mei mwaka ule ule nchi mbili hizo zilitia sahihi mapatano, na moja ya masharti yake ni kwamba mtumishi akae na pasipoti yake mwenyewe. Najua ya kuwa Kenya nayo ina mabinti zake katika nyumba za Ghuba, kwa hiyo sitalieleza jambo hili kwa urefu. Wenye kulijua wamo humu.

Na kwa nini mtu avumilie hayo yote? Wafilipino wana neno, «utang na loob», yaani deni lililo ndani ya moyo. Dada mkubwa aliacha shule ili mdogo wake asome. Mdogo akasoma, akapata kazi Dubai. Basi deni lile halina hati wala shahidi, wala haliishi kwa kulipwa. Atawasomesha watoto wa dada, atamzika mjomba, atamtoa binamu gerezani. Mtu mmoja aliye ng'ambo ni ng'ombe wa maziwa wa nyumba nzima, na ng'ombe huyo haulizwi kama amechoka. Jambo hili ni zuri mno, nalo ni zito mno.

KUTA ZISIZOONEKANA

Sasa nifike katika habari zilizoitikisa nchi ile mwaka 2025. Nimesema ya kuwa tufani ni nyingi, na mafuriko pia. Kwa sababu hiyo Serikali hutenga fedha kila mwaka za kujenga kuta za mito na mifereji ya kuondoa maji. Mwezi wa Julai 2025, baada ya mvua kubwa zilizozamisha Manila na sehemu nyingine, Rais Ferdinand Marcos Mdogo alihutubia Bunge akawakemea waliokula fedha hizo. Mwezi wa Agosti akatangaza hesabu: tangu mwaka 2022 kazi za kuzuia mafuriko zilikuwa zimetengewa zaidi ya peso bilioni 545, na makandarasi 15 peke yao walipewa karibu sehemu moja katika tano ya fedha zote.

Kisha akaenda mwenyewe kutazama. Katika mji wa Baliwag, mkoa wa Bulacan, ulikuwako katika vitabu ukuta wa mto wa peso zaidi ya milioni 55, umekwisha kujengwa na kulipiwa. Rais akafika mahali penyewe. Mto ulikuwapo. Ukuta haukuwapo. Wafilipino waliziita kazi za namna hii mizuka, nami naona jina hilo linawaonea mizuka, maana mzuka husemwa kwamba huonekana angalau usiku.

Watu walighadhibika. Tarehe 21 Septemba 2025 makumi ya maelfu walikusanyika Manila, katika bustani ya Luneta na katika barabara kuu ya EDSA. Siku hiyo haikuchaguliwa bure. Amri ya utawala wa kijeshi ya mwaka 1972 iliandikwa tarehe 21 Septemba, na aliyeitoa ni Rais Ferdinand Marcos Mkubwa, baba wa Rais wa sasa. Na katika barabara hiyo hiyo ya EDSA, mwezi wa Februari 1986, watu walijazana siku nne bila silaha hata Marcos Mkubwa akakimbilia Marekani. Siku nne kabla ya mkutano wa Septemba 2025 Spika wa Bunge, ambaye ni binamu wa Rais, alikuwa amekwisha kuacha kiti chake ili, kwa maneno yake, uchunguzi uendelee bila kizuizi. Naye amekana kosa lolote.

Mambo haya si mchezo wa hesabu. Tarehe 4 Novemba 2025 tufani iliyoitwa Tino iliipiga nchi ya katikati. Katika kisiwa cha Cebu mito ilipanda ghafula, ikachukua motokaa na nyumba, na waliokufa katika nchi nzima walipita 200. Watu wa Cebu walikuwa wameandikiwa katika vitabu vya Serikali kazi nyingi za kuzuia mafuriko. Walipokuwa juu ya mapaa yao wakiyatazama maji, waliuliza swali la haki: kuta zetu ziko wapi?

Sasa kumbukeni ile nauli. Fedha za jipini hupita mikononi mwa maskini kumi, nazo hufika. Fedha za ukuta hupita mikononi mwa matajiri kumi, wenye digrii na suti, nazo hupungua kila mkono. Si kwamba watu ni wa makabila mawili, wema na wabaya. Mara nyingine ni watu wa nyumba moja. Tofauti ni yale mambo matatu. Fedha za ukuta hazionekani na macho ya wote. Mwenyewe hajulikani, kwani mali ya umma hudhaniwa si ya mtu. Na safari ni ndefu hata aliyezificha amekwisha kushuka zamani mvua inapokuja kudai jawabu.

BABA, MWANA NA KITI

Liko na jambo la nne, nalo ndilo gumu kulisema, maana linagusa kile kitu kizuri nilichokisifu tangu mwanzo. Mikono inayopokezana fedha za umma mara nyingi ni mikono ya jamaa moja.

Tazameni orodha ya marais wanne waliotawala tangu mwaka 2001. Gloria Macapagal Arroyo ni binti wa Rais. Benigno Aquino wa Tatu alikuwa mwana wa Rais, mama yake Corazon Aquino aliyeshika nchi mwaka 1986. Ferdinand Marcos Mdogo ni mwana wa Rais. Aliyebaki, Rodrigo Duterte, hakuwa mwana wa Rais. Baba yake alikuwa gavana tu. Bali yeye alipotoka mwaka 2022, binti yake Sara alichaguliwa kuwa Makamu wa Rais. Tarehe 11 Machi 2025 Duterte alikamatwa kwa hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya mauaji ya vita vyake juu ya dawa za kulevya, akapelekwa The Hague. Miezi miwili baadaye, akiwa kifungoni nchi ya mbali, alichaguliwa kuwa meya wa mji wa Davao kwa kura nyingi. Na makamu wake aliyechaguliwa ni nani? Ni mwanawe.

Mtauliza, je, hakuna sheria? Iko, nayo haiko. Katiba ya mwaka 1987 yasema ya kuwa Serikali itakataza koo kurithishana vyeo, kwa namna itakayoelezwa na sheria. Sheria hiyo ya kueleza yatakiwa itungwe na Bunge, na Bunge limejaa watu wa koo hizo hizo. Hata mwaka 2025 ulipokwisha ilikuwa haijatungwa. Walakini tusiwadharau wabunge, maana mwaka 2016 sheria moja ilitiwa sahihi kweli kweli. Iliwahusu viongozi wa mabaraza ya vijana mitaani, wenye miaka 18 hadi 24: kijana hawezi kugombea kiti hicho ikiwa baba, mama, babu au ndugu yake ni mkubwa aliyechaguliwa mahali hapo. Basi kijana wa mtaani amekatazwa; senta na mbunge wamebaki na uhuru wao. Ni kama baba mlevi aliyeifungia mtungi wa pombe watoto wake tu.

Wageni wengi husema upesi kwamba Wafilipino huwachagua watu wa koo kwa sababu ya ujinga. Hayo ni maneno ya mtu asiyepata kuugua bila fedha. Mwanamke maskini mtoto wake akipatwa na homa kali usiku, hospitali itamwuliza malipo. Ofisi ya Serikali itafunguliwa asubuhi, na karatasi zake ni tano. Lakini nyumba ya meya iko wazi, na mke wa meya amjua kwa jina, naye atampa barua na fedha ya dawa. Mtoto apona. Je, siku ya kura mwanamke huyo atamchagua nani? Hakuuza kura yake. Amelipa deni la moyo. Kama ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo, na ninyi pia.

Ubaya wake ni kwamba mwanamke huyo hakuonyeshwa hesabu yote. Ikiwa fedha za hospitali zingefika hospitalini, asingehitaji barua ya mtu. Ameshukuru kwa kupewa kijiko cha uji uliopikwa kwa unga wake mwenyewe. Udugu ndio nguzo ya nyumba ya Wafilipino, nami nimeiona nguzo hiyo ikisimama katika tufani. Lakini nguzo ikitolewa nyumbani na kupelekwa katika ofisi ya hazina, huko hugeuka kuwa mchwa.

MACHO YA WENGI

Nisingependa kumaliza hapo, maana wako watu wanaojaribu dawa. Nitataja mambo matatu niliyoyapenda.

Mwezi wa Aprili 2021, wakati wa ugonjwa wa korona, msichana mmoja wa Quezon City aliweka kigari cha mianzi kando ya barabara ya Maginhawa, juu yake mchele, mboga na vyakula vya kopo. Akaandika bango kuwaambia wapitao watoe wawezacho na kuchukua wanachohitaji. Hakuweka mlinzi wala daftari. Katika siku chache vigari vya namna hiyo vilitokea mamia kwa mamia katika visiwa. Wavuvi walileta samaki, wakulima wakaleta viazi. Yule aliyepewa hakuwa na deni kwa mtu yeyote, kwani hakumjua aliyempa. Ulikuwa udugu usiouliza jahazi.

La pili ni la mji wa Pasig. Mji huo ulikuwa chini ya ukoo mmoja miaka 27. Mwaka 2019 kijana mmoja, Vico Sotto, aliwashinda, akaanza kuziweka hesabu na zabuni za mji wazi. Watu wamemchagua tena mwaka 2022 na mwaka 2025. Wenye kupenda mzaha hawakosi kusema ya kuwa yeye naye ni mwana wa mchezaji sinema mashuhuri na baba yake mkubwa ni seneta, yaani hata wa kuuangusha ukoo hutafutwa katika ukoo. Ni kweli. Lakini mwizi wa mali ya umma haogopi kujua baba wa meya ni nani. Huogopa daftari lililo wazi.

La tatu lilitokea katika fujo zile za mwaka 2025. Serikali iliweka orodha ya kazi zake za kuzuia mafuriko katika intaneti, kila kazi na mahali pake, mkandarasi wake na fedha zake, raia akaweza kuisoma na kupeleka malalamiko. Basi mkulima alitafuta jina la mtaa wake, akavaa ndala, akaenda kwa miguu mpaka ukingo wa mto kutazama kama ukuta upo. Walimu na wanafunzi walikwenda. Wazee walikwenda na mikongojo yao. Hao ndio abiria wa jipini. Kwa mara ya kwanza fedha ilionekana, mwenyewe akajulikana, na mwenye kuificha akaulizwa kabla hajashuka.

Sijui kama dawa hizi zitatosha, maana ugonjwa ni wa miaka mingi, na wagonjwa wengine wamenenepa kwa ugonjwa huo. Lakini naamini jambo moja. Wafilipino hawana haja ya kufundishwa uaminifu na mtu wa Ulaya, wala na kitabu. Wanao tayari, nao huutumia kila siku asubuhi wakienda kazini kwa peso chache. Kilichobaki ni kuupandisha uaminifu huo ngazi mpaka ofisi za juu, na ngazi yenyewe ni kuruhusu kila raia aitazame fedha inapopita.

Nanyi mtaona wenyewe kama maneno haya yana maana yoyote katika nchi yenu. Mimi sikuja kuwafundisha habari za kwenu. Mgeni mwenye nyumba isiyo na ardhi hujifunza kutopanda mbegu katika shamba la watu. Nimewaeleza tu habari za majirani zangu, ambao nawapenda, na ambao kwa hisani yao bado wananivumilia.